Uji Ndani ya Giaboksi

Juzijuzi nilikwenda Mikumi kumtazama mpwa wangu aliyejifungua, na wakati wa kurudi tukaketi kwenye mgahawa mmoja wa barabarani, pale malori yanapolala. Nilikuwa nimeagiza wali na maharage, na njaa ilikuwa inaniuma kweli. Hatua chache kutoka tulipokaa, vijana wawili walikuwa wamelala chini ya lori, wanamwaga oili ya giaboksi kwenye karai. Upepo ulipogeuka harufu ile ikanijia usoni, nikasukuma sahani pembeni. Mdogo wake mpwa wangu, aliyekuwa akinisindikiza, aliniuliza kama ni malaria. Nikamwambia si malaria, ni lile karai. Akalitazama karai, akanitazama mimi, akaona labda uzee umeanza.

Oili iliyochoka ndani ya giaboksi hainuki kama oili ya injini. Ya injini inanuka moshi, na moshi mtu anauzoea. Ya giaboksi inanuka yai viza lililopasukia kwenye chuma chenye kutu, na ikishika nguo haitoki kwa sabuni wala kwa majivu. Wenzangu mliokulia kwenye mashamba ya mkonge huku Kilosa, wakati Waingereza wanatutawala, mnajua kwamba sisi hatukuwa watu wa kuogopa harufu. Tulizaliwa ndani ya harufu. Ile mashine ya kukamua mkonge tuliyoiita korona ilikuwa ikitema maji ya kijani mchana kutwa, na makapi ya majani yakirundikana nyuma yake hadi yanakuwa kilima kinachofuka mvuke. Yalioza huko huko. Nzi wa kambi yetu walikuwa wanono na wavivu. Ukimpunga mmoja anasogea kidogo tu kisha anarudi mahali pale pale. Maji ya korona yalipita kwenye mtaro nyuma ya nyumba za wafanyakazi, na sisi watoto tuliuruka mtaro ule tukienda kila mahali, na kila mmoja wetu aliwahi kuanguka ndani yake.

Meneja wa shamba alikuwa Mwingereza mrefu mwenye shingo nyekundu. Wafanyakazi walimwita Bwana Leso, kwa sababu akipita kambini alikuwa ameshikilia leso puani tangu anaposhuka kwenye gari lake hadi anapopanda tena. Nilipokuwa mdogo niliamini ana ugonjwa wa pua. Nilimwonea huruma. Sikujua kwamba sisi ndio tuliokuwa tukimnukia, kwa uozo uliotoka kwenye mashine yake mwenyewe.

Baba yangu alikuwa fundi wa gereji ya shamba. Aliletwa kutoka mbali, upande wa Songea, akiwa kijana, pamoja na kundi la manamba, vibarua wa mkataba, akakata mkonge hadi miiba ikamwachia makovu meusi mikononi. Vita vilipokuja akachukuliwa jeshini, huko akafundishwa malori, na aliporudi Bwana Leso akampa gereji. Kwa sababu hiyo sisi tulikaa kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye bati, si kwenye safu ndefu ya vyumba vya manamba. Mama, ambaye alikuwa mtu wa Kisanga, alilipenda bati lile kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Alisema mvua ikinyesha juu yake anajisikia mtu.

Kazi ya baba niliitazama kwa mapenzi na kwa kinyaa, vyote pamoja. Lori likiletwa kwamba linapiga kelele, hakukimbilia kulifungua. Aliwasha injini akakanyaga klachi, akasikiliza. Akaachia klachi, akasikiliza tena. Kelele ikinyamaza klachi ikikanyagwa, alitikisa kichwa kuelekea kwenye giaboksi, kama anayesema mwenye makosa ni huyo. Kisha alipiga jeki magurudumu ya nyuma hadi yakae hewani, akamweka msaidizi wake kwenye usukani abadilishe gia moja baada ya nyingine, na yeye akalala chini ya gari na kijiti kirefu. Ncha moja aliigusisha kwenye ganda la giaboksi, nyingine akaiweka sikioni. Alifumba macho. Uso wake ukawa kama wa mtu anayesengenywa naye anasikia.

Hadi hapo mambo yalikuwa bado mazuri. Kilichonichefua ni kilichofuata. Alifungua boliti ya chini, akakinga oili kwa kiganja, akaisugua kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akainusa. Kama bado hakuridhika, aliiweka kwenye ncha ya ulimi. Aliniambia ulimi unahisi chembe ya chuma ambayo kidole chenye sugu hakiwezi kuihisi, na chembe hizo ni meno ya gia yanayosagika. Aliitema, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akaenda zake. Jioni mkono ule ule, umesuguliwa kwa mchanga na sabuni hadi umepauka, ulikuja kwenye sahani ya ugali tuliyokula pamoja, nami nilimega upande wa mbali kabisa, nikimeza haraka bila kutafuna.

Na kwa kuwa mafundi wanazungumza juu ya magari kama wanavyozungumza juu ya watu, mimi nilielewa kitoto. Baba alisema giaboksi inalia. Alisema hii imechoka, ile ina kikohozi, hii ilipata homa kule mlimani. Niliamini kwamba ndani ya kila sanduku lile la chuma kuna kiumbe kimefungiwa gizani, kinaishi kwenye usaha wake, na baba ndiye mganga wake. Sikumwambia mtu. Niliona ni jambo ambalo kila mtu analijua.

Palikuwa na lori moja kuukuu lililonunuliwa kabla ya vita, lililokuwa likiwachukua wakata mkonge alfajiri na kuwarudisha mchana. Lori lile lililia kuliko yote. Likiwa bado njia ya reli tulilisikia nyumbani, mluzi mwembamba unaopanda na kushuka. Tena lilikuwa na tabia nyingine: likiteremka mahali, gia ya tatu ilichomoka yenyewe, na dereva akabaki ameshika fimbo ya gia isiyofanya kitu, lori linakwenda linavyotaka. Kwenye tambarare za shambani haikuwa hatari kubwa. Dereva aliishikilia fimbo kwa goti, maisha yakaendelea. Baba alilipima, akasema beringi zimekufa na meno ya gia yameliwa hadi yamekuwa mviringo. Hakuna cha kutengeneza, alisema, ila kuweka giaboksi nyingine.

Bwana Leso hakutaka giaboksi nyingine. Alikuwa amepata mnunuzi. Alikuja gereji asubuhi moja, leso puani, na mimi nilikuwa nimempelekea baba uji, kwa hiyo nilimsikia kwa masikio yangu akisema kwa Kiswahili chake kile cha mabwana.

"Hapana taka kelele. Wewe weka dawa ndani. Kelele nakwisha."

Baba alimjibu polepole kwamba dawa ile haitibu, na kwamba wanaonunua wanataka kubeba watu. Bwana Leso aliinua macho akatazama upande wa nyumba yetu, bati likimetameta kwenye jua, kisha akatazama upande wa shambani ambako manamba walikuwa wameinama kwenye safu za mkonge. Aliondoka. Baba alikunywa uji wote akiwa amesimama, na sufuria ilipokuwa tupu aliendelea kuitazama ndani.

Siku ya pili alinituma kwa seremala nikachote unga wa mbao. Nilichota ungo mzima, mwepesi, wa rangi ya njano, wenye harufu nzuri. Alichukua pia ndizi mbivu zilizokuwa zimeanza kuoza kwenye mkungu wa mama, pamoja na kopo la grisi nzito. Aliviweka vyote kwenye debe, akakunja mikono ya shati, akatia mikono hadi kwenye viwiko akaanza kukanda. Hamjaona kitu kichafu namna ile. Grisi nyeusi ilikatika ikawa kijivu, ndizi zikatoa kamasi, nzi wakaacha makapi ya korona wakaja kwetu. Palikuwa na sauti ya majimaji kila alipoinua kiganja. Nilijiziba pua, na nilipojiona nimejiziba pua kama Bwana Leso niliona aibu, nikashusha mkono. Nilimuuliza baba anapika nini.

"Dawa, mama," alisema bila kunitazama. Aliniita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao.

Alilala chini ya lori akaisindilia dawa ndani ya giaboksi kwa kijiko cha mti, hadi haikuingia tena. Kisha akaliwasha, akaendesha kuzunguka gereji, na lori lile lililokuwa likilia maisha yake yote halikulia. Lilipita kimya, kama paka. Fimbo ya gia nayo ikawa nzito, ikakaa inapowekwa. Mimi nilipiga makofi. Kwa kweli nilifurahi kiasi kwamba kinyaa kiliniondoka, nikamwona baba kuwa mtu mkubwa kuliko wote shambani. Alishuka, akaenda kunawa kwenye pipa, akanawa muda mrefu sana.

Mnunuzi alifika mwisho wa wiki. Alikuwa Mzee Abdala, mtu wa Mikumi, wakati ambao Mikumi ilikuwa vibanda vichache kando ya barabara, na tembo wanavuka wanavyotaka. Alikuwa amechanga na ndugu zake wapate lori la kubeba vitunguu na abiria kutoka Malolo, kupandisha na kuteremsha milima hadi Mikumi na kuja huku Kilosa. Alikuja na mkewe, Bi Zaituni, na watoto wao wawili, mmoja mgongoni na mwingine wa umri wangu, wote wamevaa vizuri kwa safari, kwa sababu walitarajia kurudi wamepanda lori lao wenyewe.

Walilijaribu lori kwenye barabara iliyonyooka kati ya mikonge. Baba aliendesha, kisha Mzee Abdala akaendesha. Hapakuwa na mteremko kokote. Mzee Abdala alishuka anatabasamu, akalipiga lori kofi bodini kama mtu anayempiga rafiki begani. Bwana Leso alisema atakuja mchana wamalizane, akaenda nyumbani kwake kula. Wageni nao, kwa desturi yetu, hawakuweza kuachwa wakae juani. Mama akawakaribisha kwetu.

Mama alikuwa anajua. Zile ndizi zilikuwa zake, na mke wa fundi hahitaji kuelezwa. Alipika wali, akachinja kuku, akawatengea wanaume barazani na sisi tukakaa uani. Nakumbuka hakuwatazama wale watoto hata mara moja. Aliwapakulia akitazama sahani. Nilimwona kama mtu mwenye roho mbaya siku ile, nikaamua mimi nitakuwa mwenyeji mwema badala yake. Nilimwamkia Bi Zaituni shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya upole, akaniuliza jina na kama nasoma. Mama alipoingia jikoni, nikaona niseme jambo la kumfurahisha mgeni.

Nilimwambia lori lao lilikuwa gonjwa sana, lakini sasa limepona. Nilimwambia lilikuwa linalia hadi unalisikia toka njia ya reli, na likiteremka gia inatoka yenyewe, lakini baba amelilisha dawa, unga wa mbao na ndizi na grisi, na kwamba unga niliuchota mimi mwenyewe.

Bi Zaituni alikuwa ameshika tonge. Alilirudisha kwenye sahani taratibu, kama kitu ambacho kingevunjika. Hakunigombeza. Aliniuliza tena, nikamrudia yote kwa majivuno, nikaongeza habari za kijiko cha mti. Alinawa mikono, akajifunga kanga vizuri, akaenda barazani. Alisimama nyuma ya mumewe akamwinamia sikioni. Baba aliinua macho kutoka kwenye sahani akamtazama Bi Zaituni, kisha akanitazama mimi niliyesimama mlangoni, na nikaona anajua.

Tulirudi gereji wote. Bwana Leso alikuwa ameshafika. Mzee Abdala alimsalimia kwa adabu, akaomba boliti ya chini ya giaboksi ifunguliwe kabla hawajamalizana. Bwana Leso alisema haina haja. Mzee Abdala akasema anaomba tu. Baba alikuwa na spana mkononi, na wote walimtazama yeye. Hakuwafungulia, wala hakukataa. Alisimama vile vile mpaka Mzee Abdala akaichukua spana mkononi mwake, akavua kanzu, akalala chini ya lori na singlendi yake nyeupe.

Boliti ilitoka na hakikufuata kitu. Tukasubiri. Kisha ukaanza kushuka polepole, donge kwa donge, uji wa kijivu uliochacha, wenye mapovu, nyuzi za mbao zimesimama ndani yake, na kile kilichokuwa ndizi kimekuwa kama utelezi wa konokono. Siku zile chache za joto zilikuwa zimeuivisha. Harufu yake sitaieleza. Nimesema ya kutosha. Donge moja lilimwangukia Mzee Abdala kifuani. Alichovya kidole akakitazama, na kwenye ule uchafu kulikuwa na vipande vya chuma vinavyong'aa, vya ukubwa wa magamba ya samaki. Mtoto aliyekuwa mgongoni kwa Bi Zaituni akaanza kulia.

Bwana Leso alikandamiza leso usoni kwa mikono miwili. Nyuma ya leso ile alisema kwamba fundi huyu ni mwongo na mwizi, kwamba yeye hakujua lolote, na kwamba afadhali amemgundua. Alimwambia baba nyumba iwe tupu kabla ya Jumatatu. Halafu akacheka kidogo, akimtazama Mzee Abdala, kama wanaume wawili waliotapeliwa na mtu mmoja. Nilisubiri baba aseme. Nilikuwa nimesikia yale maneno ya dawa, na msaidizi wake alikuwa ameyasikia, na wote tuliokuwa pale tulikuwa tukisubiri. Baba hakusema. Alitazama ule uji ukidondoka, mikono imemning'inia.

Nimekula chumvi nyingi sasa, nimeona wagonjwa, nimeosha maiti, lakini hakuna kilichonichefua kama kicheko kile na ukimya ule. Na sijui kwa hakika kipi kati ya viwili kilinichefua zaidi.

Usiku ule hatukula. Mama alikusanya mabaki ya wali na kuku, akayafukia nyuma ya nyumba, hata mbwa asiyapate. Aliporudi alikaa mbele ya baba.

"Wale watoto uliwaona?" alimuuliza.

"Niliwaona."

Hakumuuliza kitu kingine, nadhani kwa miezi mingi. Jumatatu tulibeba vyombo vyetu tukaenda Kisanga kwa wazazi wa mama, tukajenga nyumba ya udongo na kuiezeka kwa nyasi. Baba akashika jembe. Alilima vibaya, kama mtu anayelima shamba la jirani. Magari machache yaliyofika kule yalipoharibika na wenyewe wakamwita, alisema hajui magari. Na mimi hakuwa akinisemesha. Hakunipiga, hakunitukana, ila macho yake yalinipita kama vile mahali nilipokaa hapana mtu. Nilielewa, kwa akili ya mtoto, kwamba nimetoboa siri na kuifukuza familia yangu kwenye bati. Nililibeba jambo hilo peke yangu, nikachota maji kuliko nilivyotumwa na kutwanga kuliko nilivyotumwa.

Habari za shambani zilitufikia kwa watu waliopita. Lori lile halikutupwa. Msaidizi wa baba alipewa gereji, naye akapika dawa nyingine, na lori likauzwa kwa watu wa mbali, upande ambao hakuna aliyenitajia vizuri. Sijui walikuwa nani. Sijui waliteremka mlima gani. Kila nikisikia habari za kale za gari lililoporomoka huko bara, huwa najiuliza. Bwana Leso yeye alimaliza muda wake akarudi kwao, na siku ya kumuaga wafanyakazi walimpigia ngoma, watoto wakapewa biskuti, na mzee mmoja wa kambi akatoa shukrani kwa niaba ya wote. Waliniambia mpaka machozi yalimtoka Bwana. Nilipoambiwa hayo nilitema mate chini.

Baada ya mavuno mawili hivi, mchana mmoja Mzee Abdala alitutokea huko Kisanga. Alikuja na baiskeli iliyojaa tope hadi kwenye usukani. Mama alipomwona alikimbilia ndani. Baba alisimama na jembe lake, na walisalimiana kwa ugumu. Mzee Abdala alikataa kiti, akaeleza shida yake hapo hapo. Amepata lori jingine. Muuzaji ni mfanyabiashara kutoka Morogoro, na lori liko Mikumi. Anataka lisikilizwe kabla hajalipa.

Baba alimwambia akatafute fundi mwingine, kwamba yeye ni mtu wa mwisho ambaye Mzee Abdala angepaswa kumwamini.

"Sikuamini," Mzee Abdala alisema. "Mafundi wengine uongo wao siujui unafananaje. Wako naujua." Kisha akanielekeza kidole mimi, niliyekuwa nimekaa na kinu. "Na huyu aje. Hatasema kitu. Akae tu unapomwona."

Baba alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kuona macho yake yametulia juu yangu. Alikwenda ndani, akatoka na spana zake zilizofungwa kwenye gunia, ambazo sikujua kama zipo.

Tuliondoka alfajiri, tukalala njiani kwa jamaa wa mama, tukafika Mikumi jua limeshapanda. Yule mfanyabiashara alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kofia na viatu vya ngozi, akamkaribisha baba sigara kabla hajamjibu salamu. Lori lake lilipakwa rangi mpya, buluu. Mzee Abdala alileta kigoda, akakiweka mbele ya lori, mahali ambapo mtu anayelala chini yake akigeuza kichwa atakiona, akaniambia nikae hapo. Nilikaa. Sikuelewa ninafanya nini pale, nilidhani naadhibiwa.

Baba alifanya yote niliyoyajua. Klachi ikakanyagwa na kuachiwa. Magurudumu yakapigwa jeki. Kijiti sikioni, macho yamefumbwa. Alikaa chini muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona, na yule mfanyabiashara alianza kuimba kwa sauti ndogo, kisha akachuchumaa karibu na baba akazungumza naye kwa kunong'ona. Sikusikia aliyosema. Niliona tu baba akifumbua macho na kugeuza kichwa, akaniona kwenye kigoda, miguu yangu ina vumbi, mikono nimeiweka mapajani. Alinitazama hadi nikainamisha uso.

Alifungua boliti. Oili ilitoka nyepesi, nyeusi, bila uji. Akaisugua, akainusa, akaiweka ulimini. Kinyaa kikanipanda kama zamani. Akatema. Alitoka chini ya lori akasimama mbele ya wote, na akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa kibandani kwa mbali waliisikia, kwamba dawa haimo, lakini gia ya tatu imeliwa, itachomoka mlimani. Pengine si safari hii wala ijayo, ila itachomoka, na abiria wakiwa juu. Yule mchangamfu aliacha kuchangamka. Alimwita baba jina baya. Mzee Abdala hakulinunua lori lile, wala hakumshukuru baba. Alinipa mimi kipande cha muwa, akasema tukitaka kulala kwake tulale. Baba akasema tutarudi.

Tulitembea hadi mahali pa kupumzikia, kwenye mawe karibu na mto. Tulikaa jiwe moja. Niliuma muwa, nikauacha. Nilikusanya ujasiri nikamuuliza kama bado amenikasirikia kwa kusema siri ya dawa.

Baba aligeuka akanitazama kama mtu aliyezungumziwa kwa lugha asiyoijua. Ikawa zamu yangu kumweleza, na jinsi nilivyokuwa naeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kuharibika. Akasema hakuwahi kunikasirikia. Alisema alishindwa kunitazama, kwa sababu kila akinitazama alimwona yule mtoto aliyepiga makofi.

"Nilikuambia dawa," alisema. "Haikuwa dawa. Ulikuwa uchafu wa kuwafumba watu macho, na niliujua nilipokuwa naukanda."

"Wangekufa?"

"Wangekufa. Na mimi ningekaa kwenye bati langu."

Nilisubiri aongeze kitu. Nilisubiri ataje Bwana Leso, au manamba, au mimi na mama tungelala wapi. Yote hayo yalikuwepo na yote yalikuwa kweli, na mtu mzima yeyote ninayemjua mimi angeyavuta ajifunike. Hakuyataja. Nikajisogeza mbali naye kidogo juu ya lile jiwe. Aliona, wala hakunivuta wala hakuniita. Tulikaa hivyo, nafasi ya mtu mmoja kati yetu, mpaka jua likaanza kulala.

Tulipoinuka aliutazama mto, akasema maji yamepanda tangu asubuhi, pale tulipovukia hapafai tena, tuzunguke juu kwenye gogo la kuvukia. Mimi niliona maji yale yale. Lakini alitangulia, nami nikamfuata bila kuuliza.